Hofu Isiyo na Mwenyewe

Mwishoni mwa mwaka 2006, shirika jipya la ndege la Ubelgiji, Brussels Airlines, lilitoa hadharani nembo yake: herufi b iliyochorwa kwa vidoa 13. Kabla hata ndege ya kwanza haijaruka kwa jina hilo, malalamiko yakaanza kuingia. Walikuwapo abiria walioona kwamba chombo kilichobeba 13 mkiani kimejitafutia balaa chenyewe. Shirika likaongeza kidoa kimoja, vikawa 14. Msomaji aliyesafiri nalo miaka ile kutoka Entebbe, Kigali, Bujumbura au Kinshasa aliiona nembo hiyo mara nyingi, mpaka ilipochorwa upya mwaka 2021, huenda bila kujua kidoa cha mwisho kilifikaje pale.

Waliolalamika hawanishangazi. Kila nchi ina watu wake wenye roho nyepesi. Wanaonishangaza ni waliokubali. Mchoraji hakuona ubaya, ndiyo maana aliichora. Wakurugenzi hawakuona ubaya, ndiyo maana waliipitisha. Mafundi, wanaojua vizuri kinachoifanya ndege ikae hewani, hao ndio kabisa. Ukiwapanga wote mstarini na kumuuliza kila mmoja kama anaiogopa 13, kila mmoja atamwonyesha kidole aliye nyuma yake: mimi sina neno, ni yule. Yule wa mwisho ni mteja, naye hayupo chumbani.

Nimekuwa nikiufuatilia mkosi wa namba kwa muda, na kila ninapogeuka nakutana na mstari huu huu wa watu wanaoonyeshana vidole. Tumezoea kudhani ushirikina unaishi kwa sababu wajinga wanauamini. Kwa upande wa namba, naona kinyume chake. Hofu ya 13 kule Ulaya na Marekani, na hofu ya 4 kule Asia Mashariki, zinalishwa na watu wasioamini chochote: wahandisi, madalali, mawaziri, wenye hoteli. Wao ndio wanaozijengea nyumba na kuzitungia kanuni.

Tazama Ireland. Tangu mwaka 1987 namba za magari za nchi hiyo zilianza na tarakimu mbili za mwaka ambao gari limesajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari la Dublin la mwaka 2012 lilianza na 12, ikafuata D. Mwaka 2013 ulipokaribia, chama cha wauza magari kikaenda serikalini na wasiwasi wake: nani atanunua gari jipya lenye 13 mbele na nyuma? Hawakusema wao wanaiogopa. Walisema wanunuzi wataahirisha. Serikali ikabadili mfumo wa taifa zima. Magari ya nusu ya kwanza ya mwaka yakaandikwa 131, ya nusu ya pili 132. Wauzaji wakapata na faida ya pembeni, maana sasa kulikuwa na “namba mpya” mara mbili kwa mwaka, na mauzo yaliyokuwa yakisongamana Januari yakapata msimu wa pili mwezi Julai. Mwaka 2013 ulipita. Mfumo haukurudi ulivyokuwa. Gari lililosajiliwa Ireland Julai 2024 lina 242, na sababu mojawapo ni hofu ambayo hakuna waziri aliyekiri kuwa nayo.

Ghorofa ndizo mfano mashuhuri zaidi. Kampuni ya lifti ya Otis iliwahi kukadiria kwamba asilimia 85 ya majengo yenye lifti zake hayana ghorofa iliyoandikwa 13. Iliyoandikwa, nasema, maana saruji haijui kuhesabu. Jengo lenye matabaka 20 lina tabaka la 13, na anayelala katika “14” analala humo humo. Sisi tuliorithi hesabu ya Kiingereza, ya kuanza na G kabla ya 1, tuna kichekesho chetu cha ziada: mpangaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyepewa ghorofa ya 12 yuko tabaka la 13 kutoka chini, na hajawahi kudhurika nalo.

Kwenye ndege ni vivyo hivyo. Lufthansa haina safu ya 13, wala haina ya 17. Hiyo ya 17 ni heshima kwa Waitaliano, ambao mkosi wao uko huko: ukipangua tarakimu za Kirumi za 17 unapata neno la Kilatini lenye maana ya “nimeishi”, yaani nimekwisha kufa. Renault walipopeleka Italia gari lao la miaka ya 1970 lililoitwa Renault 17, walilibandika jina la 177. Wahispania na Wagiriki wanaogopa Jumanne tarehe 13, si Ijumaa. Ukisafiri na mkoba wa mikosi ya kila nchi, utaishiwa siku za kusafiri.

Ukiuliza asili ya 13 utapewa majibu mengi, na wingi wake ndio unaonitia shaka. Utaambiwa ni Karamu ya Mwisho, ambako Yesu na mitume 12 walikuwa 13 mezani. Utaambiwa ni mashujaa wa Hekalu, waliokamatwa Ufaransa kwa amri ya mfalme Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1307. Tarehe ni ya kweli, ila uhusiano wake na mkosi umebuniwa karne nyingi baadaye. Utaambiwa hata Hammurabi wa Babeli aliiruka sheria ya 13, ilhali sheria zile hazikuwa na namba hata moja. Namba ziliwekwa na wasomi wa zama zetu. Ukweli ni mdogo zaidi. Kuogopa kuketi 13 mezani ndiyo hofu ya kale. Ijumaa ilikuwa na nuhusi yake peke yake miongoni mwa Wakristo. Mbili hizi zilishikana mikono katika karne ya 19 tu, na mwaka 1907 mfanyabiashara wa Marekani, Thomas Lawson, akachapisha riwaya ya mambo ya soko la hisa yenye jina la siku hiyo. Filamu za kutisha zikamalizia kazi kuanzia 1980.

Walikuwapo waliojaribu kuiua kwa dhihaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 huko New York, kapteni mstaafu William Fowler alianzisha klabu ya watu 13 waliokula pamoja katika chumba namba 13. Walipita chini ya ngazi kabla ya kuingia na kumwaga chumvi makusudi mezani. Hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo, klabu ikakua, hata marais wa Marekani wakakubali uanachama wa heshima. Nawapenda watu hawa. Lakini angalia walichokifanya: kila mlo wao ulikuwa habari gazetini, na mtu ambaye hajawahi kuisikia 13 ikitajwa kwa ubaya alijifunza hapo. Anayemzomea mzimu kila mwezi anawakumbusha majirani kwamba kuna mzimu.

Hoteli ya Savoy ya London ilichagua njia nyingine, na hii nakiri inanifurahisha kuliko ninavyopaswa. Kisa chao chasema kwamba mwaka 1898 tajiri wa almasi kutoka Afrika Kusini, Woolf Joel, alialika wageni, mmoja akatoa udhuru, wakabaki 13. Mtu akatamka kwamba wa kwanza kuinuka atakufa. Joel akacheka, akainuka wa kwanza. Wiki chache baadaye alipigwa risasi ofisini kwake Johannesburg. Tangu hapo hoteli ikawa inamkalisha mtumishi wake kama mgeni wa 14, lakini wageni hawakupenda sikio la mtu baki mezani pao. Mwaka 1927 Basil Ionides akawachongea paka mweusi wa mbao, Kaspar. Mpaka leo, mkiwa 13, Kaspar huletwa, hufungwa kitambaa shingoni na kupakuliwa kila chakula kama nyinyi. Churchill alimpenda sana. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba aliyemuua Joel alikuwa mtu aliyemwandama yeye na ndugu zake kwa barua za vitisho akidai fedha. Mlo wa London ungekuwa na watu 12 au 40, barua zile zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Rais Franklin Roosevelt hakutaka kukaa na watu 13 mezani, na katibu wake Grace Tully ameeleza jinsi alivyokuwa akiitwa dakika za mwisho kuijazia meza. Huyo angalau alikuwa mwoga halisi, na uoga wake ulimgharimu sahani moja ya ziada.

Wahandisi wa anga ni kisa kingine. Apollo 13 iliondoka tarehe 11 Aprili 1970, saa ya Houston ikisoma 13:13, na tangi lake la oksijeni likalipuka tarehe 13. Ukitaka ushahidi wa mkosi hutapata mtamu zaidi. Uchunguzi ulipofanyika, ikabainika kwamba swichi za kipasha joto ndani ya tangi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, kisha wakati wa maandalizi zikapewa volti 65. Zikaungua na kugandana, joto likapanda kupita kiasi, ngozi ya nyaya ikaharibika, na cheche moja ikatosha. Tena wanaanga wote 3 walirudi wazima. Hata hivyo, vyombo vya angani vya baadaye, shuttle, vilipokaribia safari ya 13, NASA ilibadili ghafla mtindo wa kuhesabu. Baada ya STS-9 ikaja STS-41-B, mfumo wa tarakimu na herufi ambao hata wafanyakazi wao waliona mgumu kuufuata. Sababu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba mkuu wa shirika, James Beggs, hakutaka 13 nyingine. Wanaanga wa safari ambayo ingeitwa STS-13 wakajichorea nembo yao ya utani yenye paka mweusi, wakaruka, wakatengeneza setilaiti iliyoharibika angani, na wakatua salama tarehe 13 Aprili 1984. Ilikuwa Ijumaa.

Sasa twende kwenye 4, kwa maana huko ndiko hesabu ya fedha inakoonekana waziwazi. Katika Kichina, na katika Kikorea na Kijapani vilevile, tarakimu 4 inatamkwa kwa sauti iliyo sawa au karibu sana na ile ya kifo. Nayo 8 inakaribiana na sauti ya kutajirika, ndiyo maana Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa 2 usiku (8:00 p.m.). Jijini Beijing huko, magari hupumzishwa siku moja ya juma kwa zamu kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba zao. Siku ya kupumzika kwa wenye 4 na 9, barabara hufurika kuliko siku nyingine, kwa sababu wenye 4 ni wachache mno. Marufuku ya siku hiyo haiondoi magari ya kutosha. Tarakimu moja inapanga foleni ya jiji zima.

Vancouver, Kanada, ina wakazi wengi wenye asili ya China. Wachumi 3, Nicole Fortin, Andrew Hill na Jeff Huang, walichunguza mauzo ya nyumba katika eneo hilo, na mwaka 2014 wakachapisha walichokiona: katika mitaa yenye Wachina wengi, nyumba ambayo namba yake ya mtaani inaishia na 4 iliuzwa kwa bei pungufu kwa asilimia 2.2, na inayoishia na 8 ikaongezeka asilimia 2.5. Matofali yale yale, paa lile lile, shule ya watoto ile ile.

Hapa ndipo mtu mwenye akili za soko hunusa nafuu. Kama huamini, nunua ya 4, uweke mfukoni hiyo asilimia 2.2. Sawa, lakini siku moja utaiuza. Utamuuzia nani? Huenda mnunuzi wako naye haamini, lakini atajiuliza swali hilo hilo kuhusu mnunuzi wake yeye, na atakata bei. Kwa hiyo nawe, usiyeamini, inakubidi uikate tangu leo. Mtaa mzima unaweza kuwa wa watu wasioamini, na punguzo likabaki palepale, kila mmoja akimhesabia jirani uoga asiokuwa nao. Sioni tofauti kati ya soko hilo na chumba cha wakurugenzi wa Brussels. Mkosi umeacha kuwa jambo la moyo, umekuwa bei, na bei haimuulizi mtu imani yake.

Tena si lazima hofu iwe ya kale ili ifike huko. Mwaka 2011 namba za magari za Kabul zilifikia mfululizo wa 39, na wenye magari hayo wakajikuta wakizomewa mitaani. Ilisemekana kwamba kuwadi mmoja wa mji wa Herat alikuwa na gari lenye 39, basi namba ikawa nembo ya kazi yake. Magari yakakataliwa sokoni, wengine wakawa wanaifunika namba kwa karatasi au kuipaka rangi, wengine wakatafuta wa kumhonga ili wapewe nyingine. Wapo maofisa waliowalaumu madalali kwamba ndio walioupalilia uvumi huo ili wafaidike. Katika miaka michache, bila kitabu, bila nabii, bila bibi wa kusimulia, taifa lilipata namba yake ya aibu. Mtu mzima mwenye watoto hawezi kusema “mimi najali nini”, kwa sababu watoto wake ndio watakaokwenda shule katika gari hilo.

Magazeti yana fungu lao katika hili, na kwa kuwa nayaandikia sitayaficha. Kila Ijumaa ya tarehe 13, mahali fulani duniani hutokea habari kwamba “utafiti umethibitisha” ajali huongezeka kwa asilimia 52 siku hiyo. Utafiti upo. Ulichapishwa mwaka 1993 na jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Watafiti walilinganisha Ijumaa chache za tarehe 6 na za tarehe 13, wakaona magari yanapungua barabara ya M25 inayozunguka London, huku majeruhi wanaofikishwa hospitali wakiongezeka: 65 dhidi ya 45 kwa jumla. Wakahitimisha kwa kushauri watu wabaki nyumbani. Ilikuwa toleo la Krismasi, ambalo jarida hilo hulitumia kila mwaka kwa mzaha wa kisomi. Mmoja wa waandishi alilazimika baadaye kueleza kwamba walikuwa wakitania. Maelezo yake hayajasafiri hata nusu ya umbali uliosafiriwa na ile asilimia 52. Mwaka 2008 takwimu za bima za Uholanzi zilionyesha kinyume, ajali kidogo zaidi Ijumaa za 13, labda kwa sababu watu huwa waangalifu au hukaa ndani. Hiyo nayo husahauliwa. Na ukitaka dokezo la bure: katika mzunguko kamili wa kalenda yetu wa miaka 400, tarehe 13 huangukia Ijumaa mara 688, nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya juma. Mwenye kutafuta njama ajisaidie.

Mwingereza wa leo, asiyekwenda kanisani wala kwa mganga, akisisimkwa bila sababu husema kuna mtu amepita juu ya kaburi lake. Akitaja kwamba hajaugua mwaka mzima, mkono unatafuta mbao aiguse. Akisubiri matokeo, anapishanisha vidole. Mwulize kama anaamini, atakucheka. Nasi hatuko mbali naye. Kope ikicheza, kuna atakayesema anakuja mgeni. Yapo maduka mtaani ambako sindano haiuzwi usiku, na muuzaji ukimbana atakwambia yeye hana shida nayo, wazee ndio hawapendi. Wakikuyu wanahesabu mabinti wa Mumbi kuwa “kenda mũiyũru”, tisa iliyojaa, ilhali ni 10, kwa kuwa watu hawahesabiwi mpaka mwisho. Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge, Dodoma, na Spika Job Ndugai akawatuliza wabunge kwamba kwa mila za Dodoma bundi wa mchana hana madhara. Hakusema bundi ni ndege tu. Alijua ukumbi una wangapi ambao hawaogopi, na wangapi ambao wangependa mtu awahakikishie hivyo.

Mpira wetu nao una mfano ambao kila shabiki anaujua. Timu inafika uwanjani, inauacha mlango rasmi, inapitia kwingine, au inakataa chumba cha kubadilishia nguo na wachezaji wanavalia kwenye basi. Ongea na kiongozi wa klabu pembeni: yeye ni msomi, hana habari na hayo, ila wachezaji wakijua wenzao wamepita kwingine wao wakapita mlangoni, morali itashuka. Morali ndiyo mteja wa Brussels kwa jina lingine. Na kwa kuwa hakuna klabu itakayokubali kuwa ya kwanza kupita mlangoni kwa hiari, Bodi ya Ligi ya Tanzania imelazimika kuzipiga faini klabu kubwa zaidi nchini kwa kosa la kuingia kwa mlango usio rasmi. Wengi huicheka kanuni hiyo. Mimi naiona ya busara kuliko hotuba kumi dhidi ya ushirikina, kwa sababu haimuulizi mtu anaamini nini. Inamwambia apite wapi.

Kuna watakaoniambia adabu si utumwa. Mgeni wako akichukia 13, kuna ubaya gani kumpa 14? Hakuna, ikiishia mezani. Kaspar aendelee kula. Marekani walipoibadili barabara yao ya 666 kuwa 491 mwaka 2003, walipoteza mabango tu, na mabango yenyewe yalikuwa yakiibwa kila mara. Lakini adabu ina tabia ya kuhama kutoka mezani hadi kwenye msingi wa jengo. Hong Kong waendelezaji walianza kwa kuiruka 4 na 14, wakaendelea na 24 na 34, kisha wakagundua kwamba ukikubaliwa kuruka moja kwa heshima unaweza kuruka 20 kwa biashara. Katika jengo la 39 Conduit Road, ghorofa zote za 40 hadi 59 hazikuwapo, na za juu zikauzwa kwa namba za mbinguni. Mwaka 2010 serikali ikawabana: ruka 13 na zile zinazoishia na 4, basi. Huku kwetu, Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, walikuwapo waliokataa kabisa, wakisema ndiyo ile namba ya mnyama ya Kitabu cha Ufunuo. Mtu aliyefundishwa na kila lifti ya mji kwamba namba zinaweza kudhuru hana sababu ya kuanza kutilia shaka fundisho hilo afikapo kwenye meza ya uandikishaji.

Vancouver ilimaliza jambo hili mwishoni mwa mwaka 2015. Jiji liliagiza kwamba majengo mapya yahesabu ghorofa kwa mfuatano, bila kuruka 4, wala 13, wala 14, wala nyingine yoyote. Halikutoa somo juu ya sayansi na imani. Lilitaja zimamoto na magari ya wagonjwa. Mtu anapiga simu usiku akisema moto uko ghorofa ya 19. Askari wa zimamoto aliye barabarani anahesabu madirisha kutoka chini, anafika 19, na mtu yule yuko matabaka manne chini yake, kwa sababu wenye jengo walizifuta 4, 13 na 14, na moja nyingine kwa bahati njema zaidi. Moshi hausubiri hesabu irekebishwe.

Majengo ya ghorofa 20 na 30 yanaota kila mwaka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, na michoro yake hupitia mezani kwa ofisa wa jiji kabla ya jiwe la kwanza. Huyo ndiye wa kuandika mstari mmoja kwenye masharti ya kibali: ghorofa zihesabiwe moja baada ya nyingine, na kitufe cha lifti kiseme ukweli. Msanifu peke yake hawezi, maana mteja wake atahamia kwa msanifu mwingine. Mwenye jengo peke yake hawezi, maana mpangaji atahamia jengo la pili. Wakilazimishwa wote siku moja, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Mwenye jengo naye atapata kitu anachokihitaji kuliko ujasiri, yaani wa kumsukumia lawama: mpangaji akinung’unika kwa nini amepewa 13, ataambiwa kwa upole kwamba mwenye nyumba mwenyewe hana neno, ila ni jiji.